Fomu Inayomtaka Mzazi Pia: Hotuba kwa Familia za Darasa la Kumi na Mbili, Louisville, Oktoba 2025

Bwana asifiwe. Na ndugu zetu Waislamu mlioitikia mwaliko, asalaam aleikum. Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Vijana mliokaa karibu na mlango, sogeeni mbele, leo hakuna mahubiri.

Nimeombwa niseme juu ya fedha za chuo, na nitaanza na wazazi, kwa sababu vijana hawa wameshaambiwa shuleni hadi wamechoka. Katika nyumba zetu hapa Louisville karatasi zote hupitia mikononi mwa mtoto. Bili ya umeme, barua ya daktari, fomu ya chakula, simu ya mwenye nyumba: "Wee, njoo unisomee hii." Mtoto wa miaka kumi na miwili anakuwa karani wa ukoo mzima. Sina lawama hapo, ndivyo tulivyoweza kuishi nchi hii. Lakini ipo fomu moja ambayo mtoto hawezi kuimaliza peke yake, hata Kiingereza chake kiwe cha mtangazaji wa redio. Inaitwa FAFSA. Fomu hiyo inamtaka mzazi aingie mwenyewe, kwa jina lake, kwa nywila yake, na aseme ndiyo kwa hiari yake. Mzazi asipofanya hivyo, fomu ya mtoto inabaki nusu, na fomu nusu haileti hata senti.

Niwaeleze kwanza ni fedha gani. FAFSA ni maombi ya msaada wa serikali kuu ya Marekani kwa wanaokwenda chuo. Chimbuko lake ni sheria ya elimu ya juu ya mwaka 1965. Rais Lyndon Johnson aliitia saini katika chuo alichosoma mwenyewe, kule San Marcos, Texas, ambako alipokuwa mwanafunzi alifanya kazi ya usafi ili aweze kulipa ada. Mwaka 1972 ikaanzishwa ruzuku ambayo leo inaitwa Pell, kwa jina la Claiborne Pell, seneta wa Rhode Island. Yeye alizaliwa katika utajiri, ada haikumsumbua hata siku moja, ila aliwapigania wasio nacho.

Pell ni ruzuku, hairudishwi. Tena haiangalii kama mtoto wako ni wa kwanza darasani. Inaangalia kipato cha nyumba yenu na idadi yenu. Mwaka huu wa masomo, 2025–26, kiwango chake cha juu ni dola 7,395. Mtoto anayesoma muda wote pale Jefferson Community and Technical College akiipata yote, ada inalipika na za vitabu zinabaki. Kwa University of Louisville haitoshi, kwa sababu ada ya pale inapita dola 12,000 kwa mwaka hata kwa mkazi wa Kentucky. Lakini fomu hiyohiyo ndiyo inayofungua milango mingine: ruzuku ya jimbo iitwayo CAP, fedha za chuo chenyewe, kazi za ndani ya chuo, na mikopo ya serikali. Hata Evolve502, inayowasaidia wahitimu wa shule za umma za hapa Jefferson County kulipa ada ya koleji, itakuuliza kama umejaza FAFSA. Ukiiacha, umeziacha zote hizo kwa pamoja.

Sasa kazi ya mzazi. Mtoto anafungua akaunti yake kwenye studentaid.gov. Mzazi naye anafungua ya kwake. Kila akaunti inataka barua pepe yake na namba yake ya simu. Hamuwezi kutumia moja kwa wawili. Hapa ndipo nyumba nyingi zinakwama, maana baba ana barua pepe ambayo mtoto aliifungua zamani na hakuna anayekumbuka nywila, na mama hana kabisa. Vijana, nawaomba: msimfungulie mzazi akaunti kimyakimya na kujibu maswali ya siri kwa niaba yake. Kwanza hairuhusiwi, ile akaunti ni saini yake. Pili, mwakani fomu inajazwa tena, maana FAFSA ni ya kila mwaka, na wewe utakuwa bwenini Bowling Green huku mama anapigiwa simu hajui lolote. Kaa naye mezani, msomee, mwache abonyeze mwenyewe. Wala usitumie barua pepe ya shule. Ukihitimu inafungwa, na chuo kitaendelea kukuandikia huko usikofika.

Baada ya akaunti, mtoto anamtumia mzazi mwaliko ndani ya fomu. Mzazi akiingia, ataulizwa kama anakubali idara ya kodi, IRS, ipeleke taarifa zake za kodi za mwaka 2024 moja kwa moja kwenye fomu. Hapo lazima akubali. Hata kama hakufanya kazi mwaka ule, hata kama hakujaza kodi, lazima akubali, la sivyo mtoto hapati Pell wala mkopo wa serikali.

Najua kwa nini mikono inasita hapo. Tumetoka kambi za wakimbizi: Nyarugusu, Kakuma, Nakivale, Dzaleka. Kule orodha ilikuwa na meno. Ukionekana una kibanda cha nyanya, ulihofia jina lako litaguswa kwenye mgao. Tukajifunza kusema machache kuhusu mfuko wetu, na mafunzo hayo tumekuja nayo kwenye ndege. Nawaelewa. Ila hapa tazameni mambo yalivyo: mwajiri wako ameshawaambia IRS ulichopata, ndiyo ile karatasi ya W-2 anayokupa kila Januari. Unachokubali kwenye FAFSA ni habari hiyo ihame ofisi moja kwenda nyingine, kwa ajili ya masomo ya mwanao. Na kipato kidogo hapa hakikunyimi, ndicho kinachokupa. Tena Pell haihesabiwi kuwa kipato kwenye hesabu ya SNAP, ile kadi ya chakula. Kwa mzazi ambaye hati zake za kukaa nchini hazijatulia, maneno yangu ni tofauti. Asiye na namba ya Social Security anaweza kufungua akaunti, na mtoto wake mwenye sifa asikose haki yake kwa sababu ya karatasi za mzazi. Lakini mwenye wasiwasi wa namna hiyo aonane kwanza na mwanasheria wa uhamiaji. Sitamsukuma mtu kwenye hilo.

Niseme na walioingia nchini mwishoni mwa 2024 au mwanzoni mwa 2025. Mnaniuliza, "Sisi 2024 hatukuwa hapa, tujaze nini?" Jazeni ukweli. Kutokuwa na karatasi ya kodi ya Marekani kwa mwaka ule si kosa, na kama mlipata kipato nje ya nchi, kitaulizwa. Na yule aliyefanya kazi saa nyingi mwaka 2024 halafu mwaka huu akapunguzwa, fomu itaonyesha kipato kikubwa ambacho hana tena. Ajaze hivyohivyo, kisha aende ofisi ya msaada wa fedha ya chuo na barua ya kuachishwa kazi, aombe waangalie upya. Wana mamlaka hayo kisheria. Wengi hawaendi kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Nakuja kwenye jambo ambalo kwa familia zetu ndilo gumu kuliko yote: nani anahesabiwa mzazi.

Kwetu mtoto hakosi mama. Mama akifa, mama mdogo yupo. Baba akipotea Uvira kwenye vita, baba mkubwa anachukua watoto, na baada ya miaka miwili hakuna anayekumbuka kwamba hawakuzaliwa pale. Kuna vijana humu wamelelewa na koko, yaani bibi, tangu wananyonya. Kwenye FAFSA hao wote si wazazi. Mzazi ni aliyekuzaa, au aliyekuasili mbele ya mahakama, na mume au mke wa huyo kama wameoana na unaishi upande wao. Mlezi wa kisheria hahesabiwi, mlezi wa malezi ya serikali hahesabiwi, shangazi aliyekuweka kwenye karatasi zake za kodi hahesabiwi. Ukimwandika shangazi kama mama kwa sababu ndiye mama pekee unayemjua, fomu itachukua kipato chake isivyotakiwa, na chuo kikija kukagua, mambo yataharibika.

Basi mtoto huyo afanyeje? Njia zipo. Kama baba na mama wote wawili wamefariki, na wewe wakati fulani baada ya kutimiza miaka kumi na mitatu ulikuwa yatima, fomu inakuhesabu mtu anayejitegemea. Kipato chako peke yako ndicho kinachoangaliwa. Ni hivyo pia kwa aliyekuwa chini ya malezi ya serikali baada ya umri huo, na kwa yule ambaye mahakama ya jimbo ilimpa mlezi wa kisheria. Kwa hiyo wale waliokuja kama watoto wakimbizi wasio na wazazi na kupewa familia za kuwalea hapa, shikeni sana karatasi za mahakama. Nendeni mkachukue nakala sasa, msingoje Agosti.

Na kama wazazi wako hai, au hujui kama wako hai, ila hamjaonana tangu Fizi, tangu Masisi? Sheria iliyoibadilisha FAFSA inataja hali hii waziwazi: kutenganishwa na wazazi pamoja na kuwa na hadhi ya mkimbizi au aliyepewa hifadhi ni miongoni mwa mazingira yasiyo ya kawaida. Fomu ina swali lake. Ukijibu ndiyo, unajaza bila mzazi na unahesabiwa anayejitegemea kwa muda, halafu chuo kinakuomba ushahidi na kinaamua. Ushahidi wenyewe unaweza kuwa barua ya mshauri wa shule, ya mchungaji, ya imamu, ya mfanyakazi wa shirika lililowapokea. Wachungaji mlioko hapa, mtaombwa barua hizo. Andikeni mnachokijua: tangu lini mnamfahamu kijana, anaishi na nani, wazazi wake wako wapi kwa kadiri mnavyofahamu. Msipambe, na msiandike kurasa nne.

Kuna na wake wenye waume waliobaki kambini. Mama, kama mumeo yuko Kigoma anasubiri safari na hamjaachana, mbele ya fomu wewe ni mke mwenye mume, na atahesabiwa. Usiandike kwamba mmetengana kwa sababu ya bahari iliyo katikati. Hapo pana ugumu wake, maana naye anaweza kutakiwa kuingia kwenye fomu. Chukua namba ya mshauri wa shule, mlifanye pamoja naye. Walioachana kweli, anayejaza ni yule aliyetoa zaidi kumtunza mtoto kwa miezi kumi na miwili iliyopita.

Majina sasa. Kwetu ndugu watano wa tumbo moja wana majina ya mwisho matano, na hakuna ubaya, kila mmoja alipewa la babu yake. Lakini mashine inalinganisha jina na tarehe ya kuzaliwa na zile zilizoko Social Security, herufi kwa herufi. Afisa wa kambini aliandika Mwamini, shule ikaandika Muamini, kadi ikasema Mwamine. Basi andikeni kama ilivyo kwenye kadi ya Social Security, hata kama imekosewa, kisha mshughulikie marekebisho baadaye. Tarehe ndiyo usiseme. Humu ndani tuliozaliwa tarehe 1 Januari tukisimama sote, nusu ya viti vitabaki vitupu. Ni ile tuliyoandikiwa. Itumieni ileile kila mahali.

Na kitu kimoja kinachowashangaza wengi. Mzazi akiapa kuwa raia wa Marekani, mwanawe aliye chini ya miaka kumi na minane, mwenye grinikadi, ile kadi ya ukaazi wa kudumu, na anayeishi naye, anakuwa raia papo hapo kwa sheria. Ila Social Security haijui mpaka uende kuwaambia. Mtoto anajaza FAFSA kwamba ni raia, mashine inasema siyo. Nendeni na pasi yake ya kusafiria mkarekebishe rekodi kabla, mtajiokolea wiki nyingi.

Wasio raia wanaofaa ni wenye grinikadi, na waliokubaliwa kama wakimbizi au kupewa hifadhi, hata kama grinikadi bado. Ile karatasi ya I-94 ndiyo inayoonyesha hadhi. Aliyeomba hifadhi na kesi yake haijaamuliwa, kwa kuwa na ombi hilo tu hapati fedha za serikali kuu. Inauma, na nawajua vijana wenye alama nzuri kuliko wote walio katika hali hiyo. Kwa hao, ulizeni chuo chenyewe kina fedha gani zisizotoka serikalini. Vingine vinazo.

Tarehe. Mwaka huu fomu ya 2026–27 imefunguliwa mapema, tarehe 24 Septemba. Miaka miwili iliyopita ilichelewa mpaka mwisho wa Desemba na ikafika imejaa hitilafu, kwa hiyo waliosikia kaka zao wakilalamika wasiogope, imetulia. Serikali kuu inapokea mpaka tarehe 30 Juni 2027. Lakini msiisikilize tarehe hiyo! Fedha ya CAP ya Kentucky inatolewa kwa waliotangulia mpaka ikwishe, na vyuo vina tarehe zao. Kwa mtu wa hapa, tarehe ya kweli ni sasa. Wala msimlipe mtu kuwajazia. Nasikia wako wanaotoza. Fomu ni bure, na anwani yake inaishia na .gov.

Ukishatuma, kuna kukaguliwa. Chuo kinaweza kukuandikia kikitaka uthibitisho wa kipato au wa watu wa nyumbani. Si kwamba umeshukiwa wizi. Wanafunzi wengi huchaguliwa kukaguliwa. Shida ni kunyamaza. Barua inakuja Machi, kijana anaiona Julai, na kiti chake kimeshapewa mwingine.

Kisha inakuja barua ya msaada, na hii nawaomba muisome wawili, mzazi na mtoto. Vyuo huandika jumla kubwa chini, na familia inapiga vigelegele kwa ile jumla. Pitieni mstari mmoja mmoja. Palipoandikwa ruzuku au skolashipu, hairudishwi. Palipoandikwa mkopo, ni deni. Palipoandikwa kazi ya chuoni, fedha hiyo haipo bado, utaitolea jasho kwa saa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayemtegemea mzazi anaweza kukopa serikalini mpaka dola 5,500, na kati ya hizo zisizozidi 3,500 ni za aina ambayo serikali inalipa riba wakati anasoma. Zinazobaki zinaanza kuzaa riba siku zinapotoka; kwa mikopo ya mwaka huu ni asilimia 6.39.

Ndugu Waislamu wameniuliza kuhusu riba, na wengine waliacha kujaza kabisa kwa kuihofia. Pell haina riba kwa kuwa si mkopo. Kila mstari wa barua ile unakubaliwa au kukataliwa peke yake: unaweza kuchukua ruzuku ukaukataa mkopo, na hakuna atakayekuuliza. Kuna pia mkopo wa mzazi, uitwao PLUS. Huo unaandikwa jina lako, baba, si la mtoto. Akiacha chuo, akioa, akihamia Texas, deni ni lako. Mimi maoni yangu ni kwamba familia inayofika kwenye PLUS ili mtoto aende chuo fulani, na itafute chuo kingine. Kuanza miaka miwili Jefferson kisha kuhamia chuo kikuu si aibu; digrii ya mwisho haina alama inayosema ulianzia wapi. Wengine wanapitia mpango wa Metropolitan College, ambapo kijana anafanya kazi usiku UPS, kampuni ya kusafirisha vifurushi, na ada inalipwa. Ni mpango wa kweli, tangu 1998. Lakini mnajua wenyewe zamu ya usiku pale uwanja wa ndege inavyomla mtu. Aliyechagua hivyo apunguziwe kazi za nyumbani, asiamshwe saa tatu asubuhi kwenda kumtafsiria mtu kliniki.

Na akiingia, abaki. Pell ina kikomo cha mihula kumi na miwili kwa maisha yote. Kijana akiacha muhula kabla ya kufika asilimia 60 ya siku zake, sehemu ya fedha inadaiwa. Tukipata msiba Bujumbura au Bukavu, mwacheni amalize mitihani, au kama hapana budi kwenda, apite kwanza ofisini akaseme. Asitoweke.

Nimemaliza upande wangu. Nyuma kuna meza tano na kompyuta. Wasio na barua pepe waanzie meza ya kushoto, kwa kaka mwenye shati la bluu. Wenye barua pepe na kadi ya Social Security mkononi wakae meza za katikati, mzazi na mtoto pamoja, na kibodi iwe mbele ya mzazi. Wenye habari ya kulelewa na ndugu, au ya wazazi waliobaki, njooni kwangu huku pembeni, tuongee taratibu. Hayo hatuyasemi kwenye kipaza sauti. Chai iko tayari, na nimeambiwa mandazi hayatoshi.